Barua kwa Mwanaidi, kutoka Vienna

Mdogo wangu mpenzi Mwanaidi,

Binti yetu Salma hajambo, mumewe hajambo, na mjukuu wetu anakimbia nyumba nzima akichanganya Kijerumani na Kiswahili, nami ndiye ninayetakiwa kuvielewa vyote. Baridi ya Oktoba imeshaingia. Natoka nje na koti, sweta na kile kikoi chako cha bluu shingoni. Viatu vya kazini ulivyoniagiza nimevipata, vyeusi, soli laini, ndivyo wanavyovaa wauguzi wa huku.

Sasa nije kwenye lile swali lako. Uliponipigia simu ukitoka zamu ya usiku, ukaniambia mlikuwa wawili tu wodini kwa wagonjwa zaidi ya thelathini. Ukaniambia tangu mama atutoke huoni ladha ya kitu. Halafu ukauliza, "Dada, hivi haya yote ni ya nini?" Nilikuahidi jibu la maandishi, kwa sababu kulijibu swali kama lile kwa simu, huku daladala zikipiga honi, ni kulidharau. Tangu hapo nalitembeza mji huu mzima. Na bahati nzuri nimeangukia kwenye mji wenyewe. Hapa aliishi Freud, hapa aliishi Adler, waasisi wa tiba ya nafsi, na hapa alizaliwa, akafanya kazi na akazikwa Viktor Frankl, daktari aliyelichukua swali lako akalifanya kazi ya maisha yake. Tena, jambo ambalo sikulijua kabla ya safari hii, Austria iliutambua rasmi Ubuddha mwaka 1983, kabla ya nchi nyingine yoyote ya Ulaya Magharibi. Kwa hiyo kwa tiketi ileile ya tramu nimewatembelea wote wawili, daktari na Buddha, nikawauliza kwa niaba yako.

Unakumbuka tulipomsoma Kezilahabi shuleni? Mwalimu aliandika neno "udhanaishi" ubaoni, tukamfuata Kazimoto wa *Kichwamaji* akitafuta maana ya maisha asiione, mpaka akajiua, nasi tukafunga kitabu tukiamini kwamba udhanaishi ndio huo, msomi na kukata tamaa kwake. Tangu siku hizo nimebaki na hofu ya fikra hizo. Frankl anatoka katika ukoo huohuo wa fikra. Aliyaona mabaya kuliko ya Kazimoto, na akarudi na jibu jingine.

Nianze na mtaa wake. Unaitwa Mariannengasse, uko wilaya ya 9, eneo lenye hospitali nyingi, na ungejisikia uko nyumbani kwa jinsi unavyopishana na watu waliovaa vitambulisho shingoni wakikimbilia zamu. Jengo namba 1 ni la ghorofa, la zamani, halina la kukusimamisha. Frankl aliishi humo kuanzia mwaka 1945 hadi alipofariki Septemba 1997, akiwa na miaka 92, na tangu 2015 sehemu ya ghorofa ile ni makumbusho madogo. Mtaa huohuo, hatua chache mbele, ndipo ilipokuwa hospitali ya Poliklinik, ambako aliongoza idara ya magonjwa ya mishipa ya fahamu kwa miaka 25. Nilipenda sana hilo, kwamba mtu aliyesomwa dunia nzima alikuwa daktari wa wodi, anavuka barabara asubuhi kwenda kuona wagonjwa.

Maisha yake nakusimulia kwa kirefu kidogo, maana bila hayo maneno yake yanakuwa kama ya bango la barabarani. Alizaliwa 1905 katika familia ya Kiyahudi. Kati ya 1933 na 1937 alikuwa katika hospitali ya akili ya Steinhof, akisimamia wodi ya wanawake waliotaka kujiua, na kila mwaka walipita mikononi mwake maelfu. Mwaka 1941, Wanazi wakiwa wameshaitwaa Austria, akapata viza ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wazee na viza hawakuwa nayo. Akiwa hajui afanye nini, alirudi nyumbani akakuta kipande cha marumaru mezani. Baba yake alikuwa amekiokota kwenye magofu ya sinagogi iliyoteketezwa. Kilikuwa na herufi moja ya Kiebrania, na herufi hiyo ilitoka katika ile amri ya kuwaheshimu baba na mama. Akaiacha viza ikaisha muda wake.

Septemba 1942 wakachukuliwa, yeye, mkewe Tilly na wazazi, wakapelekwa kambi ya Theresienstadt, na huko baba yake akafa. Oktoba 1944 akafikishwa Auschwitz. Ndani ya koti lake alikuwa ameshona mswada wa kitabu, kazi ya miaka. Koti likachukuliwa, na mswada ukapotea nalo. Mama yake aliuawa Auschwitz. Tilly alifia Bergen-Belsen. Yeye akahamishwa kambi mbili nyingine, akaugua homa inayoenezwa na chawa, ile mnayoiita taifasi, na usiku ili asipitiwe na usingizi akafa, akawa anauandika upya mswada wake kwa vifupisho juu ya vipande vya karatasi. Wanajeshi wa Marekani waliikomboa kambi yao tarehe 27 Aprili 1945. Alirudi Vienna hana mke, hana wazazi, hana kaka. Mwaka huohuo akaketi na kusimulia kitabu kwa sauti, wengine wakiandika, na kwa siku tisa kikawa kimekwisha. Kilitoka 1946. Kufikia kifo chake kilikuwa kimeuzwa zaidi ya nakala milioni 10.

Na anasema nini mtu huyo? Anasema swali lako, Mwanaidi, limekaa kichwa chini miguu juu. Sisi tunasimama tukiyauliza maisha, mna nini cha kunipa, mna maana gani? Yeye aligundua kambini kwamba anayeulizwa ni sisi. Kila siku, kila saa, kuna jambo linalotungojea tulijibu, na jibu ni tendo. Anasimulia habari za wafungwa wawili waliokuwa wameshaamua kufa, wakisema hawatarajii tena chochote maishani. Hakuwahubiria. Aliwasaidia kuona kwamba kuna kitu kinachowangoja wao. Mmoja alikuwa na mtoto aliyempenda sana, anamsubiri nchi ya mbali. Mwingine alikuwa mwanasayansi, alikuwa ameanza mfululizo wa vitabu ambavyo hakuna mtu mwingine angeweza kuvimaliza. Basi. Mtoto na vitabu. Hakuna falsafa hapo, na hapohapo pana falsafa yote.

Kutoka nyumbani kwake nilitembea dakika chache hadi kwenye ukuta wa majina, uliofunguliwa 2021. Ni mabamba ya mawe yaliyosimamishwa kuzunguka majani, marefu kumpita mtu, yamechongwa majina zaidi ya 64,000 ya Wayahudi wa Austria waliouawa. Jina na mwaka wa kuzaliwa, mengine hakuna. Nilikuwa nasoma miaka tu: 1872, 1903, 1938, 1940. Mtoto wa 1940. Mjukuu wetu alikuwa mkononi mwangu, anataka kushuka acheze kwenye majani, nikamshusha akacheza. Nakuandikia hili ujue kwamba Frankl aliposema maisha yana maana katika hali yoyote, aliyasema mbele ya majina haya, na haya ni ya watu wake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa pana habari ya muuguzi. Katika idara yake pale Poliklinik palikuwa na muuguzi aliyepasuliwa, wakakuta uvimbe usioweza kutolewa. Akaomba daktari Frankl aje kumwona. Kilichomtesa kuliko vyote, alisema, ni kwamba hataweza tena kufanya kazi, na kazi ndiyo ilikuwa maisha yake. Frankl akamwambia kwamba kufanya kazi saa nane au kumi kwa siku watu wengi wanaweza. Kuipenda kazi hivyo, ukanyimwa uwezo wa kuifanya, na bado usikate tamaa, hilo ni wachache wanaloliweza. Kisha akamuuliza, je, hutendi dhuluma kwa maelfu ya wagonjwa uliowahudumia, ukisema sasa kwamba maisha ya mtu asiyeweza kufanya kazi hayana thamani? Yule mama alikuwa amewaosha watu wasiojiweza miaka yote. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao hana thamani. Nililisoma tena na tena, nikakufikiria wewe na mama, miezi ile ya mwisho, ulivyokuwa ukimgeuza kitandani ukimwimbia.

Lakini kuna jambo nataka nilitenge, maana najua kuna wakubwa kazini watakaolipenda fundisho hili kwa sababu mbaya. Frankl hakusema mateso ni mazuri. Alisema wazi kwamba mateso yanayoweza kuondolewa ni lazima yaondolewe, na kuyavumilia bila sababu si ushujaa. Wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini ni jambo la kuondolewa. Mtu asikwambie utafute maana ndani ya upungufu wa watumishi. Andikeni, semeni, dai likizo yako. Maana ya ndani ya mateso ni kwa ajili ya yale yasiyo na dawa, na kati ya hayo ni kuondoka kwa mama.

Sasa twende kwa Buddha. Usishtuke, dini yangu sijaibadili. Siku ile niliswali alasiri kwanza ndipo nikaenda. Na wenyewe Wabuddha hawamwabudu Buddha kama Mungu, alikuwa mwalimu, mwana wa mtawala kaskazini mwa India ya kale, karne nyingi kabla ya Nabii Isa, aliyeacha jumba lake akaenda kutafuta dawa ya mateso.

Pembezoni mwa mto Danube, katika wilaya ya 2, wilayani alikozaliwa Frankl, kuna pagoda nyeupe ya amani. Ilijengwa na watawa wa Kijapani wa madhehebu ya Nipponzan Myohoji, ikafunguliwa Septemba 1983. Mwanzilishi wao, Nichidatsu Fujii, alikutana na Gandhi miaka ya 1930, na baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki alijitolea kujenga pagoda kama hizi duniani kote. Juu ya ngazi amekaa Buddha wa rangi ya dhahabu akiutazama mto, na kuzunguka ukuta zimechongwa habari za maisha yake, toka kuzaliwa hata kufa. Mbele yake mashua za mizigo zinapita taratibu kuelekea Hungaria. Tulikaa kwenye ngazi na Salma, tukala mkate na mayai. Watu walipita na baiskeli, wengine na mbwa. Hapakuwa na wa kutuuliza tumefuata nini.

Hata hivyo, pagoda ni ya kutazama. Kilichonifundisha ni chumba. Katikati ya mji, mtaa wa Fleischmarkt, Jumuiya ya Wabuddha ya Austria ina kituo chake, na vikundi vya mikondo mbalimbali vinapokezana humo. Nilikwenda jioni na jirani yake Salma. Viatu nje, kama msikitini. Sakafu ya mbao, mito ya duara, mishumaa miwili. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, mfanyakazi wa benki aliyestaafu. Alieleza kwa maneno machache: keti, mgongo wima, pumzi ikiingia jua inaingia, ikitoka jua inatoka, akili ikitoroka irudishe wala usiigombeze. Akagonga bakuli la shaba, tukanyamaza.

Mwanaidi, sijawahi kukutana na kelele kama zile nilizozikuta ndani yangu. Niliwaza mboga, nikawaza nauli, nikawaza maneno aliyonijibu mtu fulani mwaka juzi. Magoti yakaanza kuuma. Kisha, bila kubisha hodi, ukaja mkono wa mama, ule wa kulia, na ile pete yake ya fedha iliyolegea alipokonda. Kwa kawaida picha ile ikija nainuka, nafua, nafagia, nampigia mtu simu. Pale sikuwa na pa kwenda. Nikaitazama. Kifua kikabana, pumzi ikawa fupi, nikaitazama nayo. Machozi yakatoka yakakauka yenyewe, na mkono wa mama bado upo, na mimi bado nimekaa. Kengele ilipolia yule mama wa sweta akaniletea chai, hakuniuliza kitu. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Nimesoma baadaye ili nijue nini kilipita. Buddha anafundisha kwamba mtu asiyejizoeza akipatwa na jambo huchomwa na mishale miwili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe, na huo hauna mjadala, mama amekufa, inauma. Wa pili tunajichoma wenyewe, ni yale tunayoyaongeza juu ya maumivu. Nakujua, mdogo wangu, wa pili nimeusikia katika sauti yako. Wewe ni muuguzi, na kila usiku unajiambia ulipaswa kuiona ile presha mapema, ulipaswa kumlazimisha mama kwenda kupima Ijumaa wala si Jumatatu. Kukaa kimya na pumzi hakuuondoi mshale wa kwanza. Kunakupa nafasi ya kuona mkono wako mwenyewe ukiushika ule wa pili.

Buddha ana zoezi jingine pia, nalo kwa mtu wa pwani halina ugeni, maana masheikh wetu wanatuhimiza kuyakumbuka mauti. Anataka kila mtu, mtawa na asiye mtawa, mwanamke na mwanamume, ajikumbushe mara kwa mara mambo matano: kwamba atazeeka, kwamba ataugua, kwamba atakufa, kwamba atatengana na kila akipendacho, na kwamba matendo yake ndiyo mali yake, ndiyo atakayoyarithi. Sasa weka hayo kando ya Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Mwaka 1980 alitoa kitabu kikubwa cha tiba ya nafsi ya kidhanaishi, akasema chini ya hofu nyingi za wagonjwa wake kuna mambo manne: kifo, uhuru na dhima yake, upweke ambao hata mpenzi hauondoi, na kukosa maana. Ona yanavyokutana. Kifo ni kifo. Kutengana ni upweke. Matendo kuwa mali yako ni uhuru na dhima. Miaka zaidi ya elfu mbili katikati, na wote wawili wanatuambia tugeuke tuyatazame haya, kwa sababu nguvu zinazotuishia ni zile za kuyakimbia.

Lile la nne la Yalom, kukosa maana, katika orodha ya Buddha halimo. Nililifikiria sana hilo kwenye tramu. Mtawa mmoja aliwahi kumbana Buddha ajibu kama ulimwengu ni wa milele au la, na kama mtu aliyekamilika anaendelea kuwapo baada ya kufa, la sivyo anaacha utawa. Buddha akamwambia habari ya mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, anakataa usitolewe mpaka aambiwe aliyeupiga ni wa kabila gani na upinde wake ni wa mti gani. Atakufa kabla hajajibiwa. Na Frankl naye alikataa kutoa maana moja ya maisha kwa watu wote. Kwa hiyo swali lako "haya yote ni ya nini", kwa ujumla wake, hakuna kati yao anayelijibu. Wote wanakurudisha kwenye leo, kwenye mtu aliye mbele yako. Mwanzoni niliona wanalikwepa. Sasa naona ndiyo heshima kubwa kabisa waliyokupa, maana hawakukupa jibu la jumla kama vidonge vya kugawa.

Wanapotofautiana ni kwenye jambo linalokuhusu wewe na mimi, nalo nimelikuta makaburini. Ndiyo, nimetembea makaburini, usinicheke. Makaburi ya kati ya Vienna, Zentralfriedhof, yalifunguliwa 1874 na yamelaza watu wapatao milioni 3, zaidi ya wanaoishi mjini. Unapanda tramu namba 71. Wenyeji wakisema mtu kapanda 71 wana maana kafa. Humo wamo Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, na tangu 2005 kuna eneo la Wabuddha, stupa, mnara wao mtakatifu, katikati na makaburi yameizunguka. Na kwenye geti la 1, upande wa zamani wa Wayahudi, amelala Frankl. Upande ule majani yamekua, mawe yameinama, paa wanatembea kati ya makaburi kama wako porini, maana wajukuu ambao wangepalilia waliuawa au walikimbia. Juu ya kaburi la Frankl palikuwa na vijiwe vidogo vilivyowekwa na wageni, ndiyo desturi yao. Nami nikaweka kimoja.

Buddha anasema kila kilichoungana kitaachana, kwa hiyo usikishikilie. Frankl anakubali kwamba kila kitu kinapita, lakini yeye anasema kilichopita kimehifadhiwa. Tunatazama shamba lililovunwa, mabua matupu, tukasahau ghala zilizojaa. Ulichokwisha kukitenda, ukimpenda mtu, ukateseka kwa heshima, hakuna awezaye kukitengua, hata kifo. Kwa Frankl hayo hayajapotea, ndiyo pekee yaliyo salama.

Nikiambiwa nichague, kwa wivu, kwa hasira, kwa mishahara, kwa zile picha za watu kwenye simu zinazokukosesha usingizi, nitamfuata Buddha, niache. Kwa mama nitamfuata Frankl. Usiku ule ulipomwosha ukampaka mafuta ya nazi, akakushika kidole akasema "Mwanaidi, mikono yako mizuri", usiku ule uko ghalani. Huhitaji kuulinda wala kuushikilia, haupungui. Na kwa kuwa haupungui, unaweza kuketi, ukaruhusu maumivu yaje na yaende, usiogope kwamba yakienda yatamchukua na mama.

Kwa hiyo haya mawili mimi nayaona yanahitajiana. Kuketi kimya bila kujibu kitu kunaweza kuwa kujificha. Na kujibu kila mwito bila kuketi ndiko kulikokufikisha hapo ulipo, umechoka mpaka husikii unachoulizwa. Kama hilo la kukosa ladha limepita wiki nyingi, hulali, huli, nenda kamwone daktari kama mgonjwa, usijitibu. Frankl mwenyewe alikuwa daktari, na hakuna popote alipowaambia wagonjwa watupe dawa.

Hapo Dar pia unapo pa kuanzia. Pale Upanga, karibu kabisa na njia yako, kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, wako pale tangu miaka ya 1920. Ukitaka kuketi na watu wanaojua kuketi, pita uulize. Usipotaka, keti barazani kwako baada ya alfajiri, kabla hujagusa simu, dakika kumi zinatosha.

Kisha nifanyie jambo moja. Chukua karatasi, uandike majina ya wanaokungoja. Nisiandikiwe "jamii" wala "wagonjwa", nataka majina: yule binti mwanafunzi wa uuguzi aliyekuomba umfundishe kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, Bi Mwanahamisi wa nyumba ya pili ambaye hana wa kumpeleka kliniki ya sukari, na wengine unaowajua wewe. Niletee orodha hiyo kwa barua ya mkono wako, na uombe likizo yako kabla ya mwezi huu kwisha.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Wako akupendaye,
Dada Zainabu